Damu ya Mama Anayejifungua: Tunachojifunza Kutoka kwa Watafiti

Somo la mwezi huu nimeombwa na akina mama wenyewe. Ni jambo ambalo kwa desturi yetu mwanaume halisemi mbele ya watu, na mchungaji ndiyo kabisa. Lakini mmoja wa akina mama aliniambia, "Mchungaji, mazishi unatuongoza wewe. Kwa nini yale yanayotupeleka kwenye mazishi usiyaseme?" Nilikosa jibu. Basi tulisome.

Tunaposoma habari za Rahel katika Mwanzo sura ya 35, kwa kawaida tunapita haraka ili tufike kwa Benyamini. Angalieni vizuri. Familia ile ilikuwa safarini, imeondoka Betheli, haijafika Efrata. Mkunga alikuwapo. Maneno ya kutia moyo yalikuwapo. Mama alikufa. Maandiko hayasemi ni nini kilichomwua, nami sitaongeza neno. Nasema tu kwamba sisi watu wa njiani tunaielewa sura ile kuliko waliokaa kwao.

Mwaka 1996, vita ilipofika kwetu Kivu ya Kusini, nilikuwa kijana wa shule. Tulikuwa ufukoni tukingoja mtumbwi wa kuvuka ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alishikwa na uchungu jioni. Mtoto alizaliwa salama, tukasikia sauti yake, watu wakacheka na kushukuru. Akina mama walimfunika shemeji kwa vitenge, wakasema alale, amechoka. Naye kweli alilala. Kabla ya alfajiri mama mmoja alimgusa mguu akakuta umepoa. Walipofunua vitenge waliona mchanga chini yake umenywa damu yote. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu ilisemwa kwamba alikufa kwa uchovu wa safari. Yule mtoto sasa ni mama wa watoto wawili, naye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika habari hii.

Siku hizi najua kwamba uchovu haukuhusika. Alikufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua, na kati ya sababu zote zinazoua akina mama wazazi duniani, hii ndiyo iliyo mbele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa mambo ya mimba na uzazi. Wengi wao walikuwa katika Afrika yetu, na waliokufa kwa damu ni makumi ya maelfu.

KWA NINI DAMU INATOKA

Nimefafanuliwa na mkunga mmoja wa ushirika wetu, nami nayaleta kama nilivyoyaelewa. Mtoto akiwa tumboni analishwa kupitia kondo la nyuma, ambalo limeshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Mwishoni mwa mimba damu nyingi sana hupita pale, zaidi ya nusu lita kwa dakika moja. Kondo likishabanduka, mishipa ile yote inabaki wazi. Kinachoifunga ni mfuko wenyewe wa uzazi: misuli yake hujikaza na kuibana mishipa, kama mtu anavyokunja ngumi. Ukijikaza vizuri, damu inapungua. Ukilegea, kwa sababu mama amekaa katika uchungu muda mrefu, au amebeba mapacha, au kipande cha kondo kimebaki ndani, au pengine bila sababu inayoonekana, basi damu inaendelea kumwagika. Wakati mwingine damu hutoka mahali palipochanika njiani, hata kama mfuko wenyewe umekaza.

Sasa pigeni hesabu. Mtu mzima ana damu lita tano hivi, na mwenye mimba ana zaidi. Mama anaweza kuwa anaongea na kumnyonyesha mtoto, na baada ya muda mfupi tu asiwepo. Si ugonjwa wa kungoja asubuhi.

MACHO YANADANGANYA

Hapa ndipo utafiti unapoingia, na hapa niliposhangaa mimi mwenyewe.

Nilidhani kwamba mkunga au daktari akiona damu, anajua ni nyingi au ni kidogo. Sivyo. Damu nyingine inanyonywa na nguo, nyingine inachanganyika na maji ya uzazi, nyingine inaanguka sakafuni. Hata mwenye uzoefu wa miaka 20 anakadiria kwa jicho, na kwa kawaida jicho linapunguza. Anasema "ni ya kawaida" kumbe imeshapita nusu lita.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, pamoja na Shirika la Afya Duniani na madaktari na wakunga wa Afrika, waliamua kulijaribu jambo hili. Utafiti wao uliitwa E-MOTIVE, na matokeo yalitangazwa mwezi wa Mei 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za nchi nne: Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, na hapa Tanzania. Akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali hizo walikuwa 210,132. Ni watu wengi kuliko kambi yoyote niliyowahi kuishi.

Hospitali ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja uliendelea na utaratibu wake wa siku zote. Upande wa pili ulipewa kitu rahisi sana: shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapozaliwa, lenye mfuko wa kukusanya damu, na mfuko una mistari ya vipimo kama ile ya chupa ya maziwa ya mtoto. Damu ikifika mstari fulani, hakuna mabishano. Wakunga walifundishwa pia kwamba mstari ukifikiwa, mambo yote yafanywe pamoja na kwa haraka, si moja kwanza halafu kungoja: kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, kuchoma sindano ya kuukaza, kutoa dawa ya kugandisha damu, kuweka dripu, kuchunguza damu inatokea wapi, na kumwita mkubwa wa kazi kama haijakoma.

Zamani ilikuwaje? Walifanya moja, wakangoja. Ikishindikana, wakafanya la pili, wakangoja tena. Wakati huo mama anaisha.

Matokeo yalikuwa haya. Katika hospitali za utaratibu wa zamani, kati ya akina mama 1,000 waliojifungua, 43 walipatwa na jambo zito, yaani kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu. Katika hospitali zenye shuka la vipimo na utaratibu mpya, walikuwa 16. Na angalieni hili lingine: katika hospitali za zamani, kati ya akina mama 100 waliokuwa wanatoka damu kupita kiasi, wakunga walitambua 51 tu. Karibu nusu hawakutambuliwa, na hao walikuwa hospitalini kitandani, si ufukoni gizani kama shemeji yangu. Upande wa pili walitambuliwa 93.

Niseme pia lile lisilosemwa sana. Waliokufa kwa damu walikuwa wachache pande zote mbili, kwa hiyo utafiti ule peke yake hauwezi kutuambia kwa uhakika vifo vimepungua kwa kiasi gani. Uliloonyesha wazi ni kwamba kutokwa na damu nyingi kulipungua sana. Mimi hilo linanitosha, maana anayepoteza lita moja katika mahali pasipo na akiba ya damu ya kuongezewa yuko mlangoni mwa kaburi.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote kufuata njia hiyo, na mwezi wa Oktoba 2025 lilitoa mwongozo mpya pamoja na vyama vya kimataifa vya madaktari wa uzazi na wakunga. Sasa wakunga wanaambiwa wasingoje nusu lita katika kila hali. Kama damu imefika mililita 300, kiasi cha chupa ya soda, na mapigo ya moyo au presha ya mama imeanza kubadilika, kazi ianze.

"WANATUFANYIA MAJARIBIO"

Najua neno hili, maana nimelisikia foleni ya maji, nimelisikia hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mama anaona shuka la plastiki geni, anaona mtu mwenye karatasi anaandika, anaambiwa neno "utafiti", na jioni habari imefika zoni zote kwamba wakimbizi wanajaribiwa kama panya, au damu yetu inakusanywa ikauzwe. Wapo waliokataa kwenda kujifungulia hospitali kwa sababu hiyo.

Sitawacheka wanaoogopa. Hofu hii ina historia. Katika mji wa Tuskegee huko Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, serikali yao iliwaangalia wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende bila kuwatibu, ili ione ugonjwa unavyokwenda, na haikuwaambia ukweli hata dawa ya penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Watu walikufa. Jambo hilo lilitokea kweli, na mtu anayewaambia kwamba watafiti hawajawahi kukosa hajasoma.

Kwa sababu ya maovu kama hayo, na mengine yaliyofanywa na madaktari wa Ujerumani katika vita ya pili ya dunia, dunia iliweka sheria. Mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kilikubaliana huko Helsinki juu ya masharti ya kufanya utafiti kwa binadamu. Mambo makubwa ni mepesi kuyashika. Utafiti lazima upitiwe kwanza na kamati ya maadili. Hapa Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtu lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na atoe ridhaa yake. Anaweza kukataa, tena anaweza kukubali leo na kesho akajitoa, na akikataa hawezi kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Kadi yako ya mgao haihusiani kabisa na jambo hilo. Mtu akikutishia kwa kadi ya mgao, hapo njoo uniambie mimi au mwenyekiti wa zoni.

Iko hali moja ngumu, nayo ni ya mama ambaye damu inatoka sasa hivi. Hawezi kusoma karatasi wala kusikiliza maelezo ya nusu saa. Katika utafiti wa namna hiyo kamati huweka utaratibu wa pekee: aombwe ndugu aliyemsindikiza, au, kama hakuna ndugu na hakuna wakati, mama ahudumiwe, kisha aulizwe anapopata nguvu. Ndiyo maana nasema anayemsindikiza mama asiwe mtoto wa miaka 12 aliyetumwa kubeba ndoo. Awe mtu mzima anayeweza kuuliza na kujibu.

Jueni pia kwamba si kila karatasi ni utafiti. Shuka la vipimo siku hizi ni chombo cha kazi, kama mizani ya mtoto. Damu iliyo ndani ya mfuko ule inapimwa na kumwagwa. Hakuna anayeweza kuitumia.

Na tujiulize lingine: je, ni heri tusifanyiwe utafiti kabisa? Dawa ikijaribiwa kwa wanawake wa Ulaya tu, wenye damu ya kutosha na hospitali karibu, nani atajua kama inamfaa mama wa kwetu mwenye malaria aliyetembea saa tatu? Utafiti wa E-MOTIVE ulifaa kwetu kwa sababu ulifanyika katika hospitali za Afrika, na wakunga wa Afrika.

MAMA MMOJA WA JAPANI

Niliposimuliwa habari hii niliona lazima iingie katika somo. Dawa ya kugandisha damu niliyoitaja juu inaitwa asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa miaka ya 1960 na daktari wa Japani, mama Utako Okamoto, pamoja na mume wake Shosuke. Baada ya vita nchi yao ilikuwa maskini, nao walitafuta kitu kitakachowafaa wanawake wanaokufa kwa damu wakati wa kuzaa. Dawa waliipata, lakini mama huyu hakuweza kuwashawishi madaktari wa uzazi wa mji wake waijaribu. Ikawa inatumika kwa wang'oaji meno na katika upasuaji, na akina mama aliowakusudia wakabaki hivyo hivyo kwa miaka karibu 50.

Mwaka 2010 chuo cha afya cha London School of Hygiene & Tropical Medicine kilianza utafiti mkubwa ulioitwa WOMAN. Akina mama 20,060 waliokuwa wanatoka damu baada ya kujifungua walishiriki, katika hospitali 193 za nchi 21, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo yetu. Wote walipata matibabu ya kawaida. Juu ya hayo, kwa kura, nusu walipata dawa ile na nusu walipata maji yanayofanana nayo yasiyo na dawa. Hakuna aliyejua nani amepata nini, si mgonjwa wala daktari, ili mtu asipendelee. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Kwa waliopewa dawa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya damu vilikuwa 12 kwa kila 1,000. Kwa wasiopewa vilikuwa 17. Waliopewa baada ya saa tatu kupita hawakupata faida. Mama Okamoto alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya majibu.

Watafiti walipochambua zaidi waliona kwamba kila robo saa inayopotea, faida ya dawa inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Robo saa! Sisi tunatumia robo saa kutafuta tochi.

Sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ile inayoitwa oksitosini, nayo ina shida yake. Lazima ikae kwenye friji. Umeme au jenereta ikizimika kwa muda mrefu, sindano inapoteza nguvu na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo watafiti walijaribu dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, na mwaka 2018 ikaonekana kwamba katika kuzuia damu inafanya kazi sawa na oksitosini. Viko pia vidonge vya misoprostoli visivyohitaji friji wala sindano. Huko Karnataka, India, mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba mama aliyejifungulia kijijini akipewa vidonge hivyo na mkunga mara baada ya mtoto kutoka, hatari ya kutoka damu nyingi inapungua karibu nusu.

Hapo nawasihi akina dada. Vidonge hivi vinauzwa sokoni kwa siri na watu wanajua kwa kazi gani. Mama mwenye mimba akivimeza kabla mtoto hajatoka, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Vinatolewa na mkunga au nesi, kwa wakati wake, si na mwenye kibanda.

SI KILA LINALODHANIWA LINAFAULU

Kuna watu wanaodhani utafiti ni kuthibitisha tu yale ambayo wenye dawa wanataka. Sikilizeni mifano miwili. Kule Malawi, mwaka 1989, walitangaza matokeo ya kujaribu kama kumnyonyesha mtoto mara tu anapozaliwa kunapunguza damu ya mama, wakishirikiana na wakunga wa jadi. Jambo lilielekea kuwa kweli, maana kunyonyesha kunakaza tumbo, kila mama anajua. Lakini hawakuona tofauti ya maana. Tumnyonyeshe mtoto mapema kwa faida yake, ila tusitegemee hilo kumwokoa mama anayemwaga damu.

Wa pili ni wa hivi karibuni. Watafiti wale wa London walifikiri: kama dawa ya mama Okamoto inasaidia damu ikishaanza, je, tukiwapa mapema akina mama wenye upungufu wa damu, haitazuia? Walijaribu kwa akina mama 15,068 wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Mwaka 2023 walitangaza kwamba haikuzuia. Waliandika hivyo hivyo bila kuficha.

Lakini katika kazi hiyo hiyo waliona jambo linalotuhusu sana sisi wa mgao wa mahindi na maharage. Mama aliyeingia katika uchungu akiwa na upungufu mkubwa wa damu alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutoka damu nyingi, na hatari ya kufa au kuponea chupuchupu ilikuwa mara saba hivi kuliko mwenye upungufu wa wastani. Mwenye kisima kirefu akichotewa ndoo mbili anabaki na maji. Mwenye kidimbwi hana.

Kwa hiyo kazi inaanza mapema kabla ya uchungu. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vinywewe. Najua vinafanya choo kuwa cheusi na tumbo kusokota, na najua nyumba ambazo vimejaa kwenye kopo juu ya kabati. Usivinywe pamoja na chai, maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini; ngoja saa moja au zaidi. Lala ndani ya chandarua, kwa sababu malaria inakula damu. Dawa ya minyoo ikitolewa, ipokee. Dagaa wakipatikana, mwenye mimba apate sehemu yake kabla ya sisi wanaume, hata kama sahani ya baba kwa desturi ndiyo inayopakuliwa kwanza. Sombe na matembele visaidie.

NILIVYOKOSEA MIMI

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika. Misimu miwili ya mvua iliyopita niliamshwa usiku. Mama mmoja wa ushirika alikuwa amejifungulia nyumbani, mvua ilikuwa kubwa, na damu haikomi. Hawakwenda kwa gari la wagonjwa. Walikuja kwangu. Nilifika, nikaweka mikono, nikaomba. Niliomba kwa muda mrefu, ndugu zangu, kwa sauti, na watu wakaimba. Mama mkwe wake alikuwa amesema wasimtoe nje mpaka mchungaji amalize. Nilipofungua macho niliona midomo ya yule mama imekuwa ya majivu. Ndipo tukatafuta machela. Mama alipona, lakini mfuko wa uzazi uliondolewa, akiwa na umri wa miaka 23 na mtoto mmoja. Mume wake hajaniuliza kitu hadi leo. Mimi ninajiuliza.

Wapo wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walioandika mwaka 1994 kwamba mama mzazi anauawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la hospitali, na nimewasimulia jinsi wanavyolishughulikia kwa shuka na dawa. La pili ni la barabara, gari na mvua. La kwanza ni letu, na usiku ule kuchelewa kwenyewe kulikuwa mimi.

Tangu hapo wazee wa kanisa tumekubaliana hivi. Mtu akija kuniita kwa mama anayetoka damu, swali langu la kwanza ni kama machela imeshaondoka. Kama haijaondoka, sina la kuomba nyumbani. Nitaomba nikiwa nimeshika mti wa machela. Akina mama wa ushirika wameandika majina ya wenye mimba wa kila zoni, na kila mmoja ana majirani wanne wanaume waliokubali kubeba usiku. Nawaomba akina baba mfikirie pia kutoa damu hospitali inapoomba, maana dripu ni maji tu, na mama aliyepoteza damu anahitaji damu ya mtu.

Dalili za kutokungoja ni hizi: kitambaa au pedi kulowa kabisa ndani ya saa moja au chini yake, mabonge ya damu, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, mama kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka au kusinzia ovyo. Usimfunike tu ukasema alale. Mfunue, utazame. Wakati machela inakuja, mama akojoe kama anaweza, mwenye ujuzi amsugue tumbo chini ya kitovu mpaka paonekane pagumu, alazwe chali, afunikwe asipate baridi, na mtoto aende naye. Na hatari haiishi siku ile. Damu ikirudi kwa wingi hata baada ya wiki mbili, mwendo ni ule ule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBA

1. Nyumbani kwenu, mama akianza kutoka damu usiku wa manane, ni nani mwenye neno la mwisho kwamba aende? Kama mtu huyo hayupo, nani anaamua?

2. Someni Mwanzo 35:16-20. Tukisema "alikufa kwa uchovu wa safari" au "siku zake zilifika", ni mambo gani tunaacha kuyauliza?

3. Mtu akija na karatasi ya utafiti, mtamwuliza maswali gani matatu kabla ya kukubali au kukataa?

4. Kutoka mlango wenu hadi zahanati ni dakika ngapi kwa miguu, mchana, na ngapi usiku mvua ikinyesha? Aliyewahi kuipima njia hiyo awaambie wenzake.